Masaa 16 na seli kujila: nani hasa anabonyeza swichi?

Juzi shangazi yangu wa Tanga kanirushia sauti ya dakika saba kwenye WhatsApp, imeshafowadiwa weee mpaka ina ile mishale miwili, ndani yake kuna jamaa anaongea kwa kujiamini kabisa kwamba ukikaa masaa 16 bila kula mwili unawasha kitu kinaitwa otofaji, seli zinaanza kula uchafu wote, uvimbe unaliwa, kisukari kinaliwa, saratani inaliwa, na kwamba kuna Mjapani kapewa tuzo ya Nobeli kwa kugundua faida za kufunga. Mwisho akamalizia kwamba vidonge vya hospitali vinazuia hiyo kazi. Shangazi ana kisukari mwaka wa tisa huu, anameza metofomini na glibenklamidi, na swali lake lilikuwa fupi tu: mwanangu, nikianza kufunga hivyo niache vidonge?

Nilimjibu palepale asiache. Ila "kwa nini" haikutosha kwenye meseji, na nilivyouliza kwenye magrupu mengine nikakuta sauti ni ileile kila mahali, kwa hiyo nimekaa niandike yote hapa taratibu, maana mimi hii elimu ya seli naipenda toka niko sekondari na inaniuma kuona kitu kizuri namna hii kinapotoshwa halafu mgonjwa ndo anaumia.

Otofaji ipo, ni ya kweli, na bila hiyo wewe na mimi tusingekuwepo. Shida ni kwamba watu wanabishana masaa, huyu 12, huyu 16, yule 24, wakati seli yako haihesabu umefunga toka saa ngapi. Seli inasikiliza vimeng'enya vichache tu vinavyopima kama chakula kipo na kama nguvu ipo, ndivyo vinavyoamua ijile au isijile. Ukivielewa hivyo, mengi ya kwenye ile sauti yanajibika yenyewe.

Haya, tuanze na maneno. Otofaji ni Kigiriki, "oto" ni mwenyewe na "faji" ni kula, yaani kujila. Jina alilitoa Mbelgiji mmoja anaitwa Christian de Duve mwaka 1963, na miaka kama minane kabla ya hapo, 1955, yeye na wenzake walikuwa wameshagundua kifuko kidogo ndani ya seli kinachoitwa lisosomu. Hiyo lisosomu ichukulie kama tumbo la seli, ndani kuna ukali wa tindikali na vimeng'enya zaidi ya 50 vya kukatakata kila kitu, protini, mafuta, sukari, chochote kinachoingia. De Duve akapata Nobeli yake 1974. Kwa hiyo otofaji kama jambo lilijulikana kabla hata wengi wetu hatujazaliwa.

Kimeng'enya nacho ni nini? Ni protini inayofanya kazi moja ya kikemia iende haraka. Ukitafuna ugali mkavu muda mrefu bila kumeza utausikia unaanza kuwa mtamu kwa mbali, pale kimeng'enya cha kwenye mate kinakata wanga kuwa sukari. Wengi tukisikia kimeng'enya tunawaza hivyo tu, kukata chakula. Ila lipo kundi jingine ambalo halikati chakula kabisa, kazi yake ni kupeleka habari ndani ya seli, na hili ndo la leo, linaitwa kinasi. Kinasi inachukua kipande kidogo kinaitwa fosfeti inakibandika kwenye protini nyingine, basi, hiyo ndo kazi yake yote. Ni kama muhuri wa serikali ya mtaa. Barua ni ileile, maneno ni yaleyale, lakini ikigongwa muhuri inaanza kufanya kazi mahali ambapo mwanzo ilikuwa karatasi tu. Na muhuri mwingine ukigongwa sehemu nyingine unaweza kuizuia hiyo barua isiende popote. Waliogundua huu utaratibu ni Edmond Fischer na Edwin Krebs kule Seattle miaka ya 1950, wakapewa Nobeli 1992, na leo tunajua binadamu ana kinasi zaidi ya 500. Na kuna vimeng'enya vingine kazi yake ni kufuta mihuri, kwa hiyo hakuna uamuzi wa kudumu mle ndani, kila dakika kuna kinachogongwa na kinachofutwa.

Sasa kwa nini seli ijile? Angalia mtu anayebomoa nyumba ya zamani kijijini ajenge mpya. Mabati hatupi, anaezua taratibu, misumari inanyooshwa kwa nyundo, mbao nzima zinawekwa pembeni, tofali zilizovunjika zinajaza msingi. Seli nayo ina protini zilizochakaa, ina mitokondria zilizoharibika (hizo mitokondria ndo jenereta zake), wakati mwingine ina bakteria walioingia bila ruhusa. Unatokea utando mwembamba, unajikunja kuzunguka huo mzigo kama chapati inavyoviringishwa kuzunguka mayai, ukishafunga pande zote inakuwa kifuko, kifuko kinaenda kuungana na lisosomu, mzigo unakatwa vipande vidogo kabisa, asidi amino (vile vipande vinavyojenga protini) na mafuta, halafu vile vipande vinarudishwa kwenye matumizi. Kwa hiyo hapa kuna usafi na kuna akiba, vyote viwili kwa mpigo. Hilo la akiba ndo lile jamaa wa sauti kalisahau kabisa, yeye kashika usafi tu.

Na kitu cha kuelewa mapema, hii kazi haizimwi. Hata sasa hivi umetoka kula biriani, seli zako zinajila kidogokidogo. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walitoa ripoti za panya ambao jeni moja ya otofaji ilikuwa imezimwa kwenye ubongo peke yake, panya wanakula vizuri hawana njaa yoyote, lakini protini mbovu zikawa zinarundikana kwenye seli za neva, wakaanza kuyumba kutembea na seli zenyewe zikafa. Yaani ile otofaji ndogo ya kila siku, ya mtu aliyeshiba, ndo ilikuwa inawalinda. Kwa hiyo mtu akikwambia bila kufunga mwili haujisafishi, mwambie hapana, unajisafisha kila siku, kufunga kunachofanya ni kuongeza sauti ya redio ambayo tayari inaimba.

Na anayeshika hicho kitufe cha sauti ndo huyu sasa, kinasi moja inaitwa mTOR. Stori yake naipenda sana. Mwaka 1964 msafara wa watafiti kutoka Kanada ulienda Kisiwa cha Pasaka, kile cha masanamu makubwa ya mawe katikati ya bahari ya Pasifiki, wenyeji wanakiita Rapa Nui. Wakachukua udongo. Ule udongo ukafika maabara Montreal, ndani yake wakapata bakteria anayetengeneza kemikali inayozuia fangasi kukua, wakaiita rapamaisini kwa heshima ya kile kisiwa. Baadaye ikaonekana inatuliza kinga ya mwili, na mwaka 1999 Marekani ikaikubali iwe dawa ya watu waliowekewa figo ili mwili usiikatae figo mpya. Lakini dawa inagusa nini ndani ya seli? Hilo lilijibiwa kwenye hamira, hamira hii hii ya mandazi, mwaka 1991 kule Basel Uswisi, Michael Hall na wenzake wawili wakapata jeni mbili wakaziita TOR, maana yake shabaha ya rapamaisini. Miaka michache mbele ikapatikana na kwetu sisi binadamu, ikaongezewa herufi m.

Sasa mTOR ni msimamizi wa saiti ya ujenzi. Anaangalia: saruji ipo? Mchanga upo? Nondo zimefika? Hela imetoka? Vyote vikiwepo anapiga kelele jengeni, jengeni, na wakati wa kujenga hataki mtu aguse nyundo ya kubomoa. Vifaa vikiisha anakaa kimya, na akikaa kimya ndo wabomoaji wanapata nafasi. Vifaa vyenyewe kwa seli ni asidi amino, zile unazopata ukila maharage, dagaa, nyama, mayai, na hela ya saiti ni insulini, homoni inayotoka ukila hasa wanga na sukari, inayotangazia mwili mzima kwamba chakula kimeingia. Kinachonishangaza kila nikisoma ni mahali anapokaa. Asidi amino zikiwepo mTOR inaitwa ikae juu ya ngozi ya lisosomu, palepale mlangoni kwa tumbo la seli, mahali ambapo vipande vilivyokatwa vinatokea. Yaani msimamizi kaweka kiti chake kwenye geti la stoo, kila mzigo unaotoka anauona kwa macho yake.

Na sasa anachofanya ni kugonga muhuri. Kuna kinasi nyingine inaitwa ULK1, kwenye hamira inaitwa Atg1, hii ndo fundi mkuu wa kubomoa, ikiamka ndo utando unaanza kujikunja. Seli ikiwa imeshiba mTOR inaigonga ULK1 muhuri wa kuilaza. Halafu kuna protini nyingine inaitwa TFEB, hii kazi yake ni kuingia kwenye kiini cha seli na kufungua jeni za kutengeneza lisosomu nyingi zaidi, nayo mTOR inaigonga muhuri inabaki nje ya kiini. Chakula kikipungua, mihuri inafutwa, ULK1 inaamka, TFEB inaingia ndani, kazi inaanza. Ushahidi mzuri kabisa wa hili ulitoka 1998, hamira iliyokuwa imelishwa vizuri ilipopewa rapamaisini ikaanza kujila kama vile ina njaa kali. Chakula kipo tele pale, lakini msimamizi kazibwa mdomo, basi wabomoaji wakaingia kazini.

Upande wa pili kuna AMPK. Hii nayo ni kinasi, ila usiwaze saiti, waza LUKU, ile mita ya umeme wa kununua yuniti. Seli inatumia umeme wake unaitwa ATP, ukiutumia unabaki mabaki yanaitwa ADP na AMP, kwa hiyo AMP ikiwa nyingi maana yake yuniti zinaisha. AMPK inazinasa hizo AMP na inaanza kulia kama mita ya LUKU ikibakiza yuniti tatu. Ikilia inafanya mambo mawili ambayo hata wewe nyumbani ungefanya, inazima vinavyokula umeme mwingi (ujenzi wa mafuta, ujenzi wa protini, na msimamizi mTOR mwenyewe anabanwa) na inawasha vya kuingiza nguvu, kama kuchoma mafuta na kuvuta sukari iingie kwenye misuli. Ndo maana mazoezi nayo yanaiamsha, hata kama umekula, maana misuli inachoma ATP haraka. Na metofomini ya shangazi, moja ya kazi zake zinazojulikana ni hiyohiyo, inabana kidogo jenereta za seli, nguvu inashuka, AMPK inaamka. Kwa hiyo yule jamaa aliyesema vidonge vinazuia otofaji, kwa metofomini kasema kinyume cha mambo. Hapo ndipo nilipokasirika zaidi, kwa kweli.

Mwaka 2011 maabara mbili za Marekani zilitoa kazi karibu wakati mmoja kuonyesha kwamba AMPK nayo inaigonga ULK1, ila sehemu tofauti. Kwenye mnyororo wa ile protini kila mahali pana namba, mTOR inagonga namba 757 kuilaza, AMPK inagonga 317 na 777 kuiamsha. Picha ikawa safi sana, kinasi mbili zinagombania karatasi moja, moja inasema lala, nyingine inasema amka, na hivyo ndivyo wanafunzi wengi wamefundishwa.

Ila sayansi haikukaa hapo. Mwaka 2023 ikatoka kazi nyingine inayosema hapana, ngojeni kwanza, nguvu ikishuka kweli kweli AMPK inaizuia ULK1 isikurupuke, na wakati huohuo inalinda zile mashine za otofaji zisiharibike ili hali ikitulia kazi ianze vizuri. Ukifikiria ina mantiki, kubomoa nako kunahitaji nguvu, huwezi kuanza kuezua mabati umeme umekatika usiku wa manane na hakuna hata tochi. Mabishano bado yanaendelea na mimi naona ni dalili ya afya. Lakini sasa jiulize, kama wenye darubini na maabara bado wanabishana mita ya LUKU inasema nini hasa, huyu wa kwenye sauti masaa 16 kamili kayatoa wapi?

Turudi kwa Mjapani. Anaitwa Yoshinori Ohsumi, na kapewa Nobeli ya tiba mwaka 2016, peke yake. Hakufungisha mtu hata mmoja. Alifanya kazi na hamira. Aliichukua hamira ambayo vimeng'enya vya kukata ndani ya tumbo lake vimeondolewa, akaiweka kwenye maji yasiyo na chakula cha kutosha, akatazama kwenye darubini. Kwa kuwa vya kukata havipo, vifuko vikawa vinaingia tumboni havimalizwi, vinajaa vinacheza mle ndani mpaka vinaonekana kwa macho. Hiyo kazi ilichapishwa 1992. Mwaka uliofuata akatoa kundi la jeni 15 ambazo ukiharibu mojawapo otofaji inakwama, na mojawapo ndo ile Atg1, kinasi niliyoisema juu, fundi mkuu. Nobeli ilitoka kwa ajili ya kuonyesha mashine inavyofanya kazi, hakuna mahali iliposema binadamu afunge masaa mangapi. Mimi naona hata ni kumdhulumu yule mzee, miaka yote yuko na darubini yake na hamira, halafu anageuzwa kuwa mtangazaji wa dayati.

Haya, na hayo masaa? Panya wa maabara asipokula siku moja, ini lake linaonyesha otofaji imepanda wazi kabisa, hilo limepimwa mara nyingi. Lakini panya ni mdogo, mwili wake unachoma chakula kwa kasi kubwa kuliko wetu, siku moja ya njaa kwake ni jambo zito, huwezi kuchukua masaa yake ukayabandika kwa mtu wa kilo 70. Na kwa binadamu kuna tatizo la kipimo, hakuna kipimo cha kawaida cha damu ukienda maabara ya mtaani wakakwambia otofaji yako leo ni ngapi. Ukitaka kujua hasa inabidi ukatwe kipande cha nyama ya misuli au ini, na hata hapo unaona picha ya wakati mmoja. Ini, misuli na ubongo haviendi pamoja. Mtu aliyekula kilo ya nyama choma usiku na aliyekula uji mwepesi hawaanzi sehemu moja, mtu aliyelima mchana kutwa na aliyekaa ofisini hawako sawa, ini la huyu lina akiba ya sukari la yule halina. Kwa hiyo hakuna swichi inayosubiri saa 16 igonge. Kuna insulini inashuka taratibu, asidi amino zinapungua taratibu, mTOR inapunguza sauti taratibu, na kitufe kinazunguka kidogo kidogo.

Kuna ndugu zangu waliniuliza kuhusu Ramadhani, maana kwetu huku karibu na ikweta funga ni masaa kama 13 na nusu hivi, je haifiki? Jibu langu ni kwamba funga ni ibada, mtu anafunga kwa sababu ya Mola wake, na haihitaji cheti kutoka kwa seli. Kama mwili unapata faida ni heri, lakini usimwambie mtu funga yake ni pungufu kwa sababu haikufika 16.

Na wale wanaosema basi tuongeze, kama 16 ni nzuri basi 72 ni bora zaidi, hawa nao wasikilize hii. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba seli ikinyimwa chakula muda mrefu, otofaji yenyewe inatoa asidi amino kutokana na vile vilivyokatwa, zile asidi amino zinamwamsha mTOR pale getini, na mTOR akiamka anasimamisha otofaji na lisosomu zinaanza kujengwa upya. Yaani mfumo umejiwekea breki. Umetengenezwa usiendelee bila kikomo, maana seli ikijila bila kikomo inakufa. Na mwili ukinyimwa siku nyingi unaenda kuchukua protini kwenye misuli, misuli ambayo mzee anaihitaji ili asianguke bafuni.

Saratani ndo ngumu zaidi na ndo inayotumiwa sana kutisha na kudanganya watu. Ni kweli otofaji inasaidia kuzuia seli zisiharibike zikageuka kuwa saratani, mwaka 1999 Beth Levine na wenzake walionyesha jeni moja ya otofaji, beclin 1, inavyosaidia kuzuia uvimbe. Lakini uvimbe ukishakuwepo mambo yanabadilika. Seli za saratani zinakua haraka, zimebanana, damu haizifikii vizuri, zina njaa, na zinaitumia otofaji hiyohiyo kujilisha zisife. Ndo maana kuna watafiti wanajaribu kuizima otofaji kwa wagonjwa wa saratani, na dawa wanayotumia sana kwenye majaribio hayo ni ndugu wa klorokwini. Wenye umri wangu mnaikumbuka klorokwini, ile chungu tuliyomezeshwa kwa malaria, unaimeza halafu usiku kucha mwili mzima unawasha, Tanzania ikaiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilishaizoea. Kumbe ile dawa inaingia kwenye lisosomu, inapunguza ukali wa tindikali, na vimeng'enya vya mle ndani vinashindwa kukata. Vifuko vinafika, mzigo hauliwi. Kwa hiyo mgonjwa wa saratani akiambiwa ajishindishe njaa ili uvimbe uliwe, aliyemwambia hajui otofaji hapo iko upande wa nani, wa mgonjwa au wa uvimbe, na yule mgonjwa mara nyingi ameshapungua uzito na anahitaji chakula ili aivumilie dawa. Tafadhali msiwafanyie watu hivyo.

Kidogo tu kuhusu uchaguzi, maana nimeongelea kasi sijaongelea nini kinaliwa. Seli haibebi chochote ovyo, mara nyingi inaweka alama. Mitokondria ikiharibika kuna kinasi nyingine, PINK1, ambayo kwenye mitokondria nzima inaingizwa ndani na kukatwa, lakini kwenye iliyoharibika inakwama nje, ikikwama pale inaanza kugonga mihuri na kuita protini inaitwa Parkin, wanaibandika ile mitokondria alama za kubebwa. Watu wanaozaliwa na hitilafu kwenye jeni za PINK1 au Parkin wanaweza kupata ugonjwa wa Parkinson wakiwa bado vijana, ule wa kutetemeka na kukakamaa. Hapo unaona kazi ya usafi ilivyo ya makini, na haina uhusiano na kama jana ulikula chapati saa ngapi.

Na otofaji ya njaa yenyewe, ile inayopanda sana, kuna wakati mmoja ambao kila mmoja wetu alioko hai huenda aliuhitaji, nao ni siku ya kuzaliwa. Kitovu kikikatwa, chakula cha moja kwa moja kutoka kwa mama kinakatika ghafla, na maziwa bado hayajaanza kutoka vizuri. Mwaka 2004 ilionyeshwa kwa panya kwamba yale masaa ya kwanza otofaji inapanda kwenye moyo, mapafu, misuli, ngozi, na vitoto vilivyozaliwa bila jeni moja ya otofaji, Atg5, vilionekana vya kawaida wakati vinazaliwa halafu vikafa ndani ya siku moja. Hiyo ndo kazi ambayo hii mashine ilitengenezewa, kukuvusha mpaka chakula kifike. Nikiliwaza hilo naona aibu kidogo tunavyoipunguza iwe mambo ya kukata kitambi.

Kuna na hawa wanaouza rapamaisini mtandaoni kwamba inarefusha maisha. Panya waliopewa waliishi zaidi, hilo lilitangazwa 2009 na limerudiwa. Ila ni dawa inayotuliza kinga ya mwili, inaweza kuleta vidonda vya mdomo na kupandisha mafuta ya damu, na sisi tunaishi na TB na malaria mlangoni. Siyo kitu cha kununua kwa mtu usiyemjua ukameza na maji.

Sasa shangazi. Nimempigia simu badala ya kumtumia sauti, nikamwambia hivi: metofomini peke yake kwa kawaida haikuangushi, lakini glibenklamidi inalilazimisha kongosho litoe insulini hata kama hujala, kwa hiyo ukifunga masaa 16 umeimeza, sukari inaweza kushuka mpaka ukazimia na uko peke yako ndani. Na ukiviacha vyote sukari inapanda, macho na figo ndo vinalipa. Kwa hiyo hakuna kuacha na hakuna kufunga kabla ya kuongea na daktari, yeye ndo anaweza kubadilisha dozi na muda wa kumeza. Na wenye mimba, wanaonyonyesha, wanaochoma insulini, wenye historia ya kujinyima chakula, hili linawahusu pia.

Akanyamaza kidogo, akauliza, kwa hiyo yule Mjapani alikuwa anaangalia hamira? Nikasema ndiyo shangazi, hamira. Akasema basi hata mimi nina hamira kabatini. Kliniki yake ni Jumatano, nimemwomba aandike vipimo vyake vya sukari vya asubuhi na jioni mpaka siku hiyo, ameshaanza, leo asubuhi kanitumia picha ya daftari.